Madebe Kumi Juu ya Wajukuu

Itetemia, Jumanne usiku

Bado nabishana na Bi Mwanaidi kichwani. Paa lake la zege limezungukwa na ukingo, bomba la kutolea maji ni moja tu, na hataki nitoboe tundu la akiba kwenye ukingo huo. Eti maji yatachafua rangi ya ukuta.

"Fundi umejenga mpaka Kigali, leo unaogopa mvua ya Tabora?"

Shule niliishia darasa la saba, lakini hesabu hii hata injinia hanitishi nayo. Majani yakiziba bomba, maji ya kina cha shubiri ni madebe kumi kwa kila mita ya mraba. Zege lile jembamba halibebi.

Na chini wanalala wajukuu zake, wanaoniita babu fundi.

Kesho naenda na tindo. Akinifukuza, nitaondoka tundu likiwepo.