Leseni Uliyoondoka Nayo, Mtani

Mtani wangu Mihambo,

"Marehemu ameacha nyumba yake ya kulaza wageni huko Temeke." Ndivyo ndugu zako wa Tabora walivyoniandikia kunipa habari ya msiba wako. Uongo! Nyumba ile nilichimbia nguzo mwenyewe na kuikandika udongo mwenyewe. Wewe ulifika na mkeka na kikohozi, ukaomba kulala siku mbili. Ukakaa miaka sita.

Unakumbuka nilivyozisoma sheria za mji. Anayelaza wageni kwa siku lazima awe na leseni. Kila chumba kiwe na dirisha. Choo kiwe mbali na kisima. Majina ya wageni yaandikwe daftarini. Nikatoboa madirisha manne, nikahamisha choo. Nikaandika gazetini kuuliza kama hoteli za Wazungu nazo hukaguliwa chini ya vitanda.

Siku ya ukaguzi akaja karani wa Bwana Afya, kijana wa kutoka Nyasa, kalamu mkononi.

"Mwenye nyumba ni nani?"

Wewe ulikuwa barazani, unakula muhogo wangu. "Mie hapa, bwana. Huyu mwenye miwani ni mtumwa wangu. Nilimnunua kwa kibuyu cha asali, na bado nilipunjwa!"

Wageni wakaangua kicheko. Mzaramo hamkasirikii Mnyamwezi, mtani hanuniwi. Nami nikajibu kama ada ilivyo: "Kweli bwana karani, na tangu jana hajanilisha."

Yule kijana hakujua utani wetu. Aliandika.

Leseni ikatoka na jina lako. Nilipokwenda kulalamika, nikaambiwa kubadili jina ni kukaguliwa upya, na kwamba sasa nyumba mpya ya wageni haipewi leseni ikiwa paa lake ni la makuti. Langu ni la makuti. Mimi, niliyebishana na kila ofisi ya mji huu, nikarudi nikaitundika leseni yako ukutani.

Nilikuonea wivu, Mihambo, wala si wa karatasi tu. Watu walioshuka gari moshi walibisha hodi wakiuliza, "Mihambo yupo?" Mimi niliyewafungulia nilisema yupo, nikasogea pembeni. Wewe ulijua nani hulala vizuri penye upepo na nani amefiwa na mtoto. Mimi nilijua vifungu vya sheria. Hata mke wangu alikuwekea wewe ukoko wa wali, na anajua fika ninavyoupenda.

Kisha ukaondoka kwenda kuwaona ndugu. Uliitungua leseni ukutani, ukaitia mkobani. "Nyumba yangu naondoka nayo," ulisema. "Wewe baki na udongo." Nilicheka. Ningefanya nini? Nilidhani utarudi nayo kabla ya mvua.

Sasa umezikwa, na mimi sikuwepo. Mtani gani aliingia kaburini mwako akakataa kutoka mpaka apewe kuku? Nani alikutukana mbele ya wajane? Yeyote yule, namwonea wivu kuliko nilivyokuonea wewe.

Wageni bado wanakuuliza. Na ofisi inasema: mwaka ukiisha, nilete leseni ile ya zamani, au niombe upya. Kuomba upya ni kutafuta bati, nami sina. Bila karatasi yako nitafunga mlango.

Basi nyinyi ndugu wa Mihambo, mnaosomewa barua hii: nyumba si urithi wenu, na mnajua mtani ana haki ya kuchukua kitu cha marehemu. Mimi nachagua ile leseni. Msiitie posta. Mmoja wenu ailete kwa mkono wake kabla ya mwaka kwisha. Atalala chumba cha mbele, chenye dirisha la upepo, na ukoko atakula yeye. Na karani akija kuuliza mwenye nyumba ni nani, ajibu apendavyo.

Mimi mtumwa wako wa Temeke,
mwenye nyumba.