Albamu Tunazosikiliza kwa Fundi Nestori

Kibondo, Jumatatu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako je, maumivu yamepungua? Unaweza sasa kusali umesimama? Mimi mwili mzima, sina pa kulalamikia.

Uliniuliza kwenye simu mbona naongea kama mtu anayesoma tangazo. Ndiyo maana naandika. Tangu nimalize eda hapo Pangani nikarudi kazini, sisikii kitu. Nachoma sindano, najaza kadi za kliniki, nakula ugali wa muhogo, vyote ladha moja. Wakimtaja mume wangu Hamisi naitikia "Mungu amrehemu" kama ninayeitikia hodi.

Sasa usishtuke. Jumapili moja mchana nilipeleka simu yangu kwa fundi Nestori, mtu wa Makere mwenye kibanda hapa mjini. Nikamkuta na Mwalimu Josefina, mama wa makamo anayetoka Kasulu, wote wamefumba macho. Spika inatoa magitaa kama mvua ya mawe juu ya bati, na nyuma kabisa mtu anapiga ukelele.

"Nani anauawa?" nikauliza.

Nestori akacheka. "Hakuna, nesi. Hii ni bleki meto, muziki wa magitaa na makelele wa Ulaya. Keti, albamu ina nyimbo nne tu."

Nyimbo nne, mama, karibu saa nzima! Husikiliza bila kuongea, kisha kila mmoja anasema alichosikia. Mwalimu alisema amesikia ukungu wa Heru Juu unavyopanda kutoka bondeni mpaka huoni mihogo yako mwenyewe. Nestori akasema yule anayelia wamemweka mbali makusudi: humwelewi maneno, unajua tu yupo. Wakanigeukia.

"Sijasikia kitu," nikasema.

Nilidhani watanihurumia, kama mnavyonihurumia nyote. Mwalimu akasema tu, "Ego, ndiyo. Hata mimi, mwaka niliomzika mwanangu." Akanimiminia chai.

Usiseme nimeingia kwa mashetani. Nyimbo zenyewe, Nestori anasema, ni za milima na baridi. Nimekwenda Jumapili tatu. Sijalia bado, nisikudanganye. Ila jana, katikati ya wimbo wa mwisho wa albamu nyingine, kelele zilinyamaza likabaki gitaa moja, linapanda polepole, na umeme ukakatika hapo hapo. Nikajisikia nimesema kwa sauti, "Aa, bado!" Wakanitazama. Mama, ni lini mara ya mwisho nilitaka kitu? Nilitaka kujua ule wimbo unaishaje.

Tuliungoja umeme mpaka karibu na magharibi, haukurudi.

Kanzu za Hamisi mpeni baba mdogo, zitamfaa msikitini. Msalimie wifi Zuhura, aliyenipikia eda nzima, na bibi mzaa baba, mwambie dua zake zinafika.

Barua ya kuomba uhamisho wa kurudi huko nyumbani sijaipeleka. Na kaka Athumani asije kunichukua kwanza. Nimemwambia Nestori asiuendeleze ule wimbo mpaka niwepo.

Ni mimi mwanao,
Salma