Jirani Uliyeletewa Bila Kuulizwa

Baba,

Nakuandikia nikiwa ofisi ya kata, mlango nimeufunga kwa komeo. Mtendaji amekwenda Tukuyu kwenye kikao, akaniachia mimi, msaidizi wake, funguo na kunionya nisijitie kwenye mambo ya watu. Amechelewa kusema. Nimeshajitia, Baba, na nimekutia na wewe.

Tangu utuache, lile banda la zamani la kupimia chai, ulilofanyia kazi ujana wako wote, lina watu. Ni familia chache zilizofukuzwa kwao, mbali, nchi ya joto. Walichomewa nyumba na chumba chao cha kusalia kwa sababu wanamwabudu Mungu kwa namna ambayo majirani zao hawakuipenda. Wilaya imewaweka hapa Lufingo kwa muda, mpaka mkutano wa kijiji ukubali kuwapa eneo la kudumu. Mkutano ukikataa, lori litakuja kuwachukua, na hakuna anayejua litawashusha wapi. Mkutano ni kesho.

Wiki hii mmoja wao alifariki, Mzee Elikana. Baridi yetu na hii mvua isiyokatika vilimwingia kifuani. Mkewe, Mama Neema, alikuja hapa dirishani akaniuliza makaburi ya kijiji yako wapi. Nilishindwa kumtazama. Unajua mwenyewe, huku kwetu kila mtu analala uani kwake. Asiye na kiwanja hana pa kulala hata akifa. Mwenyekiti wa kijiji alisema asisikie jembe limegusa ardhi ya mtu. Alijua, na watu wote walijua, kwamba wale wakizika hapa hawataondoka tena.

Hapo nikakukumbuka. Yule mwalimu aliyetoka Singida, aliyemzika mkewe kwenye kiwanja chake kule Ikuti. Tulikuwa tunatoka msibani, viatu mkononi kwa ajili ya tope, ukaniambia huku unacheka kidogo, "Huyu sasa ni wa kwetu. Ameshapanda kwenye udongo wetu." Nilikuwa mdogo. Nilidhani unawadhihaki wafu.

Nikamwambia Mama Neema amlete mumewe nyumbani kwetu. Kaburi likachimbwa kando yako, upande wa migomba. Kiwanja uliniachia mimi, lakini wewe ndiye unayekilalia, na sikukuuliza. Nisamehe.

Wao hawalii msibani, Baba. Ndiyo imani yao. Wanasimama tu, wameinamisha vichwa. Sijawahi kuhudhuria maziko ambayo unasikia matone yakidondoka kwenye majani ya migomba. Na katika ukimya huo ndipo nikasikia watu wakipanda kutoka barabarani. Baba mdogo Ambilikile alikuwa mbele, vijana wake nyuma. Huku kila mtu anatembea na panga, lakini si kwa kulishika namna ile.

"Umemlaza kaka yangu na nani?" akaniuliza. Kisha akawageukia wao. "Kwetu msibani hata mbwa analia. Asiyelia anamjua aliyeua."

Mama Neema alikuwa ameshika udongo mkononi, hajui autupe au aurudishe. Mimi, mwanao uliyenisomesha mpaka chuo, nilijaribu kueleza habari za kibali cha wilaya. Kijana mmoja akanipita kuelekea kaburini.

Shangazi ndipo alipofika, kwa pikipiki kutoka Lupepo, ameghadhibika kuliko wote. Alikuwa ameambiwa kaburi lako linaguswa. Alinisukuma pembeni, akachungulia shimoni, akawatazama wale watu na kimya chao. Nikajua tumekwisha.

"Anaitwa nani huyu?" akaniuliza. "Mimi siwezi kumlilia mtu nisiyemjua jina."

Nikamtajia. Akafunga kanga kiunoni, akakaa kwenye tope, akamlilia Elikana kama alivyokulilia wewe, kwa Kinyakyusa, akimuuliza kwa nini atoke mbali hivyo kuja kufa kwenye baridi ya watu. Kina mama wa jirani, waliokuwa wamejifungia ndani, wakasikia. Kilio hakisikilizwi ukiwa nyumbani. Walikuja mmoja mmoja, wakakaa. Vijana wakashusha mapanga, kwa sababu hakuna mwanaume wa huku atakayeinua panga mbele ya wanawake wanaolilia maiti. Mama Neema hakulia hata hivyo. Alipomaliza kutupa udongo wake alimwinamia shangazi akasema, "Ndaga fijo." Shukrani ya Kinyakyusa aliyoiokota sokoni.

Baba mdogo aliondoka wa mwisho. "Maiti nimekuachia," alisema. "Walio hai tutaonana mkutanoni."

Jana jiwe lilitua kwenye bati la ofisi. Nilikaa chini ya meza muda mrefu, Baba, kuliko ningependa ujue. Nimeandika hotuba nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Kesho sitasoma maneno ya serikali. Nitauliza swali moja tu: nani atakwenda kulifukua kaburi ambalo shangazi amelililia, ili hawa watu wapande lori na mtu wao? Kisha nitakaa.

Na nakuahidi hili. Kijiji kikubali, kisikubali, Mama Neema hatapanda lile lori. Nyumba yako ina chumba. Na makaburi nitayapalilia yote mawili.

Lala salama, Baba. Jirani yako si mtu wa maneno mengi. Mzoee taratibu.

Mwanao,
Lugano