Siku Kumi na Moja za Baba

Wewe, uko? Usinipigie. Soma tu.

Ule mkutano wa mtandaoni wa wanasayansi chipukizi wa tabianchi, nchi ishirini, ndo umeisha. Nimemkana baba yangu mbele za watu.

Nilionyesha ule mchoro wa jinsi ukataji wa msitu ulivyobadilisha mvua yetu. Miaka kumi na tisa ya vipimo, kila asubuhi saa tatu, karibu vyote kwa mkono wa baba. Mwenyekiti, yule daktari wa sayansi niliyembembeleza mwaka mzima anipokee kwenye maabara yake, akauliza: "Hapa siku kumi na moja ni tupu. Msomaji wenu wa vipimo alikuwa amelala?"

Wakacheka wote, kila mtu kwenye kidirisha chake.

Na mimi nikacheka! Nikacheka, unasikia? Nikasema, "Ah, alikuwa mzembe kidogo. Tulishambadilisha."

Mzembe! Kweli ulimi hauna mfupa. Mtu aliyechukuliwa na mafuriko akienda kusoma kipimo cha mvua! Siku kumi na moja ulizunguka na sisi kwenye tope tukimtafuta. Ya kumi na mbili, baada ya kuzika, mama akachukua daftari akaenda kusoma yeye.

Daktari kaniandikia sasa hivi: karibu kwenye kundi letu.

Na mama alikuwa nyuma yangu muda wote, anakunja nguo. Kizungu hakijui, ila kicheko kakisikia. Akaniuliza, "Wamemfurahia baba yako?"

Nikasema ndiyo, mama. Sana.

Ameenda kumwambia shangazi.