Pedeli ya Tatu

Nyumbani kwa Mama,
Meza ya jikoni,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na baridi mnaionaje? Shemeji mgongo umepona? Na wapwa zangu hawajambo, au yule mdogo bado anakataa kuvaa viatu? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na goti lake limetulia. Mimi ndiye nisiyejielewa, na sababu ni gari la marehemu Baba.

Mambo yalianzia kwa wifi yako. Alilisafisha ndani na nje, na kwenye dashibodi akakuta kipande cha utepe mweusi, akakibandua. Nilipowasha gari, taa ya njano ya injini ikawa inawaka pale pale palipokuwa na utepe. Nikamshukia mke wangu kwamba ameharibu gari kwa kitambaa. Akaninunia mpaka kesho yake. Ndipo nilipojiuliza, sasa Baba aliziba taa ya nini?

Nikalipeleka kwa Fundi Miwani. Tunamwita hivyo kwa sababu kutwa anaitafuta miwani yake, kumbe iko kwenye paji la uso. Akachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ikatoa namba ya hitilafu. Akasema ni plagi. Akabadilisha plagi, akaifuta namba, ikarudi. Akasema basi ni betri, akasugua vichwa vyake, ikarudi tena. Ndipo akatafuta kwenye simu maana ya namba yenyewe, akakuna kichwa. Kompyuta inatafuta gia boksi ya aina moja, gari lina ya aina nyingine. Nikamwambia mashine yake imechoka. Akaazima ya jirani, nayo ikasema vile vile.

Akang'oa mpira ulio chini ya mkono wa gia. Bati limekatwa kwa mkono, kingo zimepinda. Pedeli ya klachi nayo imechomelewa. Fundi akakaa juu ya tairi.

"Bosi, gari hili lilikuwa otomatiki," akasema. "Halikuwa na klachi. Kuna mtu kalibadilisha, ila kompyuta hakuiambia."

Dada yangu! Si unakumbuka Mama, tangu msibani, anavyosema gari hili lina pedeli mbili tu, na kwamba aliliendesha kwa mguu mmoja? Hiyo pedeli ya tatu ndiyo tuliyoishika mimi na wewe kwenye simu kuwa ushahidi. Tukaamua kumbukumbu zinamtoka, nyumba yake tuifunge mwisho wa mwezi, aje kukaa kwangu. Yeye hataki, unajua. Tukasema hajui asemalo.

Nilirudi nikamwuliza Mama taratibu, akiwa anakunja nguo. Akaniambia kwamba aliporudi kutoka kwako, ulipojifungua mtoto wako wa kwanza, alikuta pedeli imeongezeka.

"Nikamwuliza baba yenu," akasema. "Akaniambia ipo tangu mwanzo. Nikaona labda mimi ndiye niliyesahau. Nikaacha kuendesha."

Kisha akaendelea kukunja nguo. Labda gia zilimfia Baba mikononi, akaona aibu kutueleza. Unajua hakupenda kuulizwa. Nimemkasirikia, nikamwonea huruma, halafu nikamkasirikia tena.

Usidhani nimepata jibu, lakini. Jioni hiyo hiyo Mama alitia chumvi kwenye chai, akatia tena, na mimi akaniita kwa jina la mjomba. Sasa lipi ni kusahau, na lipi ni sisi kutomsikiliza? Fundi anataka nichague, airekebishe kompyuta ifuate gari lilivyo sasa, au atafute gia kama zile za mwanzo. Hata hilo sijamjibu, gari bado liko kwake. Suala la kufunga nyumba nimelisimamisha kwanza. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ila mimi siwezi kumhamisha mtu nikiwa gizani namna hii.

Kuna jingine, na ndilo linaloninyima raha. Mama anasema ulimwahidi kwamba mvua zikiisha utakuja ukae naye mwezi mzima. Nilimwambia ameota. Lakini chumba chako amekifagia na kitanda amekitandika. Wiki iliyopita ningekuandikia ili tucheke pamoja. Leo nakuuliza, ulimwambia au hukumwambia? Niandikie ukweli, hata kama ulisema tu ili alale vizuri.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba wao anawakumbuka kila siku. Wifi yako anakusalimu, na amesimama hapa begani kwangu kuhakikisha naandika kwamba hakuharibu gari. Mungu awatunze nyote, muamke salama na mlale salama.

Nilimwuliza Mama nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Amesema nisiandike kitu, atakupa mwenyewe ukifika.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyosema,
Kitindamimba