Udongo wa Wabwire

Dandora, Jumapili

Kaka Wabwire,

Hatujambo. Ile droni uliyoiacha mezani nusunusu nimeimaliza. Mota nilizipata Eastleigh. Mara ya kwanza ilipinduka, kumbe nilikuwa nimechanganya propela: mbili huzunguka kulia, mbili kushoto.

Tulipomzika Mama, kila mtoto alitupa udongo kaburini. Zamu yako ilipofika Baba alisema, "Huyo mrukeni. Si amekataa kuja?"

Niliweka udongo kidogo juu ya droni, nikairusha hadi kaburini, nikaiinamisha. Udongo wako ukaangukia jeneza.

Ilipotua, Baba aliiokota akaipangusa kwa leso ya Mama. Sasa iko kitandani mwako, na hataki mtu akikalie kitanda hicho.

Dada yako,
Lorine