Taimtebo ya Nyuma ya Mlango

Baba yangu mpendwa,

Jana kitukuu wako Nekesa, mtoto wa binti yangu, alinionyesha simu yake. Yeye na wenzake wanne wa hapa Nakuru wanapenda hadithi za sayari na mazimwi, na kila mwisho wa mwezi kila mmoja huwatumia wengine orodha ya vitabu atakavyosoma mwezi unaofuata. "Kukhu, hii kitu ni mpya, wewe huwezi elewa," aliniambia mimi bibi yake. Nilicheka hadi meno yangu ya bandia yakacheza. Nikamwambia azime simu, akae chini, nimweleze habari za taimtebo yako, ile ratiba ya kusoma.

Nilisimulia vizuri mpaka nilipofika kwa mtu wa miguu mitatu. Hapo sauti ilinikatika. Nilikudanganya, Baba, watu wakakucheka kwa sababu yangu, na hadi tunakuzika sikuwa nimekuomba radhi wala kukushukuru. Ndiyo maana nakuandikia leo. Najua hukuwahi kujua kusoma. Utatafuta mtu akusomee, kama ilivyokuwa kawaida yako.

Unakumbuka chumba chetu kule landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli? Mama alikuwa amebaki nyumbani magharibi akilima, nami ukanileta Nakuru nisome, nikawa ndiye mpishi wako. Kazi yako ilikuwa kufagia mabehewa. Abiria wa fasti klasi walikuwa wakiacha chupa, maganda ya machungwa, na mara mojamoja gazeti la hadithi lenye picha ya kutisha mbele: roketi inawaka moto, mtu amevaa bakuli la kioo kichwani, joka limejikunja juu ya mnara. Msimamizi wako alikuruhusu kuyachukua kwa sababu yangechomwa tu. Wenzako walifungia nyama magazeti yao. Wewe uliyapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, ukayaleta nyumbani kifuani, ndani ya shati.

Nami nakuuliza tena swali nililokuuliza nikiwa darasa la sita. Mtu asiyejua hata herufi moja anataka nini na magazeti ya Kiingereza? Ulinijibu, "Hiyo watu imetoka mbali sana. Si vizuri kutupa mgeni."

Basi ukaanzisha taimtebo. Neno hilo ulilitoa stesheni, ukisema kitu kisicho na taimtebo hakifiki. Ulichukua karatasi ya kalenda ya mwezi uliokwisha, ukaigeuza, ukaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Upande wa kushoto ulichora wasomaji. Mwalimu Gathogo, aliyefundisha shule ya shamba huko Bahati, alikuwa kipande cha chaki. Zakayo, aliyechimba ule udongo mweupe wa Kariandusi, alikuwa sururu. Mimi nilikuwa mwiko. Upande wa kulia ulichora picha iliyokuwa juu ya gazeti ambalo kila mmoja angesoma mwezi huo, nami nilinakili karatasi mbili zaidi, moja iende Bahati na nyingine Kariandusi, ili huko nako wajue nani ana nini na zamu yao ni lini. Zakayo alirudi na orodha ya wenzake wa machimboni waliosoma baada yake. Ilikuwa na vumbi jeupe hata ukiikung'uta.

Na sheria ilikuwa moja. Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya kanisa, kila msomaji alikaa kwenye lile benchi mbele ya mlango wetu akakusimulia alichosoma. Hakuna aliyepewa gazeti jipya kabla ya kusimulia la zamani. Mwalimu alisimulia polepole akisimama kueleza, mpaka ukamwambia, "Mwalimu, sisi hapana shule leo, peleka hadithi mbele." Zakayo yeye hakushangazwa na chochote. Akisoma habari za watu waliotua mwezini, alikunja midomo na kusema, "Kila mahali nyeupe, hakuna maji, vumbi inaingia mpaka kwa masikio. Hiyo ni kazini kwetu. Hata mimi niko huko miaka sita." Nilijikojolea kwa kucheka siku ile, ukajifanya hukuona.

Sasa dhambi yangu. Mwezi mmoja ulinichorea mtu wa kijani mwenye miguu mitatu. Nililisoma gazeti lile kutoka jalada hadi jalada, nikiwa na kamusi ya kuazima. Hamkuwa na mtu wa miguu mitatu ndani yake. Kulikuwa na wazee wawili waliobishana kuhusu saa, basi. Sikujua wakati ule kwamba mchoraji wa picha za mbele huchora anachotaka. Nilidhani Kiingereza changu ndicho kimenishinda, na kwamba ukijua, mwiko utafutwa kwenye karatasi. Jumapili ikafika, ukasugua mikono ukauliza, "Haya, huyu wa miguu tatu, jina yake nani?"

Nikasema anaitwa Tembu. Jina lilinitoka mdomoni kabla sijalifikiria. Nikasema mguu mmoja ni wa kwenda, mmoja wa kurudi, na wa tatu ni wa kusimama anaposhindwa kuamua. Nikasema amekuja kumtafuta binti yake aliyepotea njiani kati ya nyota mbili, na kila anakofika anaambiwa binti amepita jana. Uliacha kunywa chai. Mwalimu Gathogo aliniangalia kwa juu ya miwani. Alikuwa ameshalisoma gazeti lile kabla yangu, na hakunifichua.

Baada ya hapo sikusoma tena, Baba. Nasema ukweli wangu wote leo. Nilitazama picha ya mbele, nikatunga. Miezi minane nilikutungia, na wewe ulizibeba hadithi zile hadi stesheni pamoja na magazeti yenyewe, ukawasimulia wafagiaji wenzako wakati wa chakula cha mchana, ukisema, "Hii imeandikwa kwa kitabu." Nilikuwa nikikusikia ukizirudia peke yako huku ukinyoa ndevu. Njia ya mwongo ni fupi, nasi tulifundishwa hivyo kanisani, lakini yangu niliiona ndefu na yenye maua.

Ndipo Mwalimu akaacha kuja. Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni, na watu wa kabila lake waliondolewa mashambani wakarudishwa kwenye rizavu walizotengewa, mizigo vichwani. Zakayo alisema tugawane magazeti ya Mwalimu. Ulikataa. Kila mwezi uliendelea kuchora chaki kwenye karatasi, ukachora na gazeti lake mbele, na gazeti lenyewe ukaliweka chini ya kitanda. "Treni ikichelewa hawafuti stesheni," ulisema. Rundo lile lilikua hadi likawa kimo cha ndoo, nami nilifagia kando yake kila asubuhi.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Ulirudi mapema, ukavua viatu, ukakaa. Nilikuwa nasonga ugali. Ukasema bila kuinua sauti, "Leo karani wa stesheni amechukua ile gazeti ya miguu tatu. Amefungua mbele ya watu yote. Amesoma Kiingereza, amegeuza Kiswahili. Hakuna Tembu. Hakuna binti. Watu wamecheka sana."

Mwiko ulinifia mkononi. Nilingoja kofi, na ningelipokea.

"Mimi nimeuliza karani, hiyo yako inasema nini basi? Akasema iko wazee wawili na saa." Ulitema pembeni kama mtu aliyeonja mboga isiyo na chumvi. "Nikaambia yeye, basi hiyo gazeti ndio imekosea."

Ulikula ugali wako ukamaliza. Mimi sikula. Nilijua umeumia, kwa sababu wiki nzima iliyofuata ulikula chakula chako cha mchana peke yako ndani ya behewa tupu. Mke wa jirani ndiye aliyeniambia, akidhani una homa. Baba, nilikuwa na siku saba za kukuambia nisamehe. Kila jioni nililiandaa neno, na kila jioni nilikuuliza kama chumvi imetosha.

Mwisho wa mwezi ukatundika karatasi mpya. Sururu ilipewa roketi. Chaki ilipewa joka, kwa ajili ya rundo. Mbele ya mwiko hukuchora kitu. Uliacha mahali patupu, peupe. Nikajua nimefukuzwa, nikatoka nje nikalia nyuma ya bomba la maji.

Niliporudi ulikuwa umeketi na bunda la fomu za reli zilizochapwa upande mmoja tu, ulizozishona kwa uzi wa gunia, na penseli umeichonga kwa kisu cha kukatia sabuni. Ukanipa. "Ile binti ya Tembu," ukasema, "imefika wapi? Mimi nimechoka kungojea. Andika, halafu Jumapili ya mwisho utasimulia kama kila mtu."

Ulikuwa umejua tangu lini? Sikuuliza. Labda tangu siku ya kwanza, ulipoacha chai ikapoa. Niliandika mwezi mzima, nikamfikisha yule binti kwao, nikakusomea kwenye benchi Jumapili ile. Uliuliza maswali mawili, yote kuhusu alichokula njiani.

Lakini nilichokikumbuka jana sauti iliponikatika mbele ya Nekesa ni karatasi ya mwezi uliofuata. Nilikwenda nyuma ya mlango kuona nimepewa nini. Nikaona sururu upande wa kushoto, na mbele yake, upande wa magazeti, palipokaa roketi na majoka siku zote, ulikuwa umechora mwiko. Zakayo alikuwa amepangiwa kunisoma mimi. Na chini yake chaki, na mbele ya chaki mwiko tena.

Zakayo alilibeba bunda lile hadi Kariandusi, akarudi kusimulia kwa sheria ile ile, na akampa Tembu mguu wa nne. Nilipolalamika ulininyamazisha. "Yeye ndio amesoma," ulisema. Na Mwalimu Gathogo alipotokea mlangoni baada ya miaka, amekonda, kofia mkononi, hukumwuliza alikuwa wapi wala alionja nini. Ulimvutia rundo kutoka chini ya kitanda na kumwambia, "Mwalimu, kazi yako imebaki mingi." Juu kabisa ya rundo palikuwa na hadithi yangu. Aliisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho, ndipo akaomba maji.

Vitabu vyangu vimechapwa, Baba, na watu nisiowajua wamevisoma. Nashukuru. Lakini hakuna aliyenipangia mahali pazuri kama pale nyuma ya mlango. Nisamehe kwa zile siku saba. Nisamehe kwa yale mabehewa matupu. Na asante kwa kumwambia karani kwamba gazeti ndilo limekosea. Nimeishi na maneno hayo kuliko sala nyingi nilizofundishwa.

Jana, nilipopata sauti tena, Nekesa aliniomba karatasi. Ameibandika nyuma ya mlango wake na kuchora majina ya wenzake wanne kwa alama: kikombe, kandambili, ufunguo, jani la sukuma wiki. Nikamwuliza yeye mwenyewe ni nini, kwa sababu mbele ya hao wanne, upande wa vitabu, aliacha patupu pa alama yake mwenyewe. Akasema hajui bado. Nimemshonea daftari la kuandikia hadithi asubuhi hii, kwa uzi wa gunia. Uliadimika madukani, lakini niliupata.

Pumzika, Baba. Zamu yangu nimeimaliza kusimulia.

Binti yako,
wa mwiko.